Fundi anataka kung'oa RCD kwa sababu inakata umeme kila mvua ikinyesha, nimruhusu?

#1 MamaShani_Katubuka
Wakuu habari za jioni. Nyumba yetu iko Katubuka, hapa Kigoma mjini. Kwenye DB (boksi la breka) kuna RCD, kile kidude cha kukata umeme ukivuja, imeandikwa 63A, 30mA (ampia 63, miliampia 30), halafu breka sita. Kiangazi chote ilikuwa kimya. Tangu mvua zimeanza, ikinyesha ya maana tu RCD inashuka na nyumba nzima inabaki giza. Ukiipandisha mvua ikiwa bado inapiga, inashuka hapo hapo. Jua likiwaka saa mbili tatu inapanda na kutulia.

Fundi aliyekuja jana anasema hicho kidude ni usumbufu, anataka akitoe aunganishe moja kwa moja kwenye breka. Maneno yake: "Breka si zipo, unaogopa nini?" Baba Shani amekubali kwa sababu friji limejaa samaki na tumechoka. Mimi roho inasita. Nina watoto wawili wadogo, na wa mwisho ameanza kuchokonoa kila tundu analoliona ukutani. Nimruhusu? Na kama nisimruhusu, tatizo hasa liko wapi?

#2 Mgebuka_Fresh
Usimruhusu. Narudi na maelezo.

#3 MwishoWaReli
Mgebuka "narudi" zako tunazijua humu, ukirudi dagaa wameshaanikwa na kukauka. Mama Shani, subiri mafundi waje. Nimeweka kiti.

#4 Fundi_wa_Gungu
Dada, breka na RCD hazifanyi kazi moja, na fundi anayesema breka zinatosha asiguse DB yako.

Breka inalinda WAYA. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja. Mzigo ukizidi kipande kinapata moto, kinajikunja, kinafyatua. Pembeni kuna koili, hiyo ni ya shoti, inafyatua papo hapo. Breka ya taa ni 10A, yaani miliampia 10,000. Sasa mtu akipitiwa na miliampia 10 hivi misuli inakaza, hawezi kuachia alichoshika. Ndiyo kule kunaswa. Zikifika 30 na zaidi kwa muda, pumzi na moyo viko hatarini. Mtoto anaweza kunaswa mpaka mwisho na breka ya 10A haijui lolote, kwa sababu kwake huo ni mzigo mdogo kuliko balbu ya zamani.

RCD inalinda MTU. Inafanya kazi kama karani wa boti pale Kibirizi: waliokwenda lazima walingane na waliorudi. Umeme unaoingia kwa laivu unatakiwa urudi wote kwa nyutro. Ukipungua, maana yake kuna sehemu unatorokea, ukutani kwenye maji au mwilini mwa mtu. Ukipungua kwa miliampia 30, RCD inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, na ukipungua mara tano ya hapo, ndani ya milisekunde 40.

Kwa hiyo RCD yako inakwambia kitu cha kweli. Mvua ikinyesha, kuna umeme unavuja. Ukiing'oa, uvujaji unabaki pale pale na anayekwambia hayupo tena.

Anza na taa za nje. Taa ya geti, taa za kona, soketi ya barazani. Kwa mvua, tisa kati ya kumi ninazoitiwa ni huko.

#5 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Nakubaliana na Fundi wa Gungu kwamba isitolewe, ila msikimbilie kulaumu nyaya. RCD feki zimejaa. Unyevu ukiingia ndani zinaweza kushuka ovyo. Hata nzuri, ikiandikwa 30mA inaruhusiwa kushuka popote kati ya 15 na 30. Ya kwako inaweza kuwa inashukia kwenye 10. Badilisha kwanza RCD kabla ya kubomoa plasta ya watu. Angalia yenye alama ya TBS, shirika la viwango.

#6 Bandari_Ndogo
#5 muuza duka anashauri tununue. Hii nayo imetushangaza 😀

#7 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Bandari Ndogo, nauza na cementi pia, mbona sijamwambia abomoe nyumba?

#8 Mzee_wa_Ujiji
Wanangu salaam. Sisi tumekaa na umeme hapa toka enzi za majenereta ya dizeli, fyuzi za kuviringisha waya kwenye kigae, na RCD hatukuijua. Kilichotulinda ni ethi nzuri. Nondo ya ethi ikishindiliwa vizuri, umeme ukivuja unakwenda ardhini na breka inakata. Huyo fundi hajasema uongo wote. Mama aangalie ethi yake kwanza.

#9 Mwl_Fizikia_Kasulu
Shikamoo Mzee. Kwa heshima, hesabu haikubali.

Nyumba nyingi huku kwetu zinategemea nondo ya ethi ya nyumbani. Umeme ukivuja kwenye bati la friji, njia yake ya kurudi kwenye transfoma ni udongo. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa omu 50, na huku kwenye vilima vya mawe hiyo ni nondo nzuri. Volti 230 gawanya kwa 50 unapata ampia 4.6. Breka ya soketi ni 20A au 32A. Haitakata leo, haitakata kesho. Friji litakaa na umeme kwenye bati siku nzima, linamsubiri mtu mwenye miguu mibichi.

RCD ya 30mA inahitaji miliampia 30 tu, kwa hiyo hata nondo ya omu mia kadhaa inaiwezesha kukata. Ethi na RCD zinategemeana. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka tuandike namba ubaoni.

#10 Mzee_wa_Ujiji
Marahaba mwalimu. Namba nimeziona. Lakini hao wa zamani mbona hawakufa?

#11 Binti_Buzebazeba
Babu, walikufa. Tuliambiwa ni kazi ya mtu.

Mtaani kwetu kulikuwa na waya unaotoka nyumba kubwa kwenda jiko la nje, umepitishwa juu ya bati. Kwenye ncha ya bati, pale penye msumari, ganda la waya lilikuwa limelika upana wa ukucha, shaba inaonekana. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa ya waya wa binding, imefungwa kwenye boriti ile ile, inagusa bati. Kiangazi kizima watu wanaanika na hawasikii kitu. Siku ya manyunyu jirani yangu alishika kamba akiwa na kanga mbichi mkononi na ndala zimelowa. Alinaswa. Aliyemwokoa ni kijana aliyekimbilia mein suichi badala ya kumvuta. Mpaka leo vidole viwili havikunji vizuri.

Breka zote zilikuwepo. Hakuna hata moja iliyoshuka. Mama Shani, nakuomba kwa jina la watoto wako, usikubali.

#12 Kondakta_wa_Shaba
Pole kwa jirani. Ila tuweke sawa, RCD inalinda kuanzia ilipofungwa kwenda mbele. Kama ule ulikuwa waya unaotoka nguzoni kuingia kwenye mita, RCD ya ndani isingeona kitu.

#13 Binti_Buzebazeba
Nimeandika unatoka nyumba kubwa kwenda jiko la nje. Ulichukuliwa kwenye soketi ya sebuleni. RCD ingekuwepo ingeuona.

#14 Kondakta_wa_Shaba
Kama ni hivyo, huenda ingekata kabla hajafika kwenye kamba. Bati lenyewe lilikuwa linavujisha likilowa.

Niongeze na mipaka yake, watu wasiiabudu. RCD haikati mzigo ukizidi, ndiyo maana breka lazima ziwepo. Na ukishika laivu mkono huu na nyutro mkono ule, umesimama juu ya stuli ya plastiki, RCD inakuona wewe ni pasi tu. Kinachoingia kinarudi chote.

#15 MsafiriWaLiemba
Swali la pembeni: hiki kidude kilianzia wapi?

#16 Mwl_Fizikia_Kasulu
Wazo la kulinganisha kinachokwenda na kinachorudi ni la zamani, ila kifaa chenye wepesi wa kumwokoa mtu kinahusishwa sana na mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini, miaka ya 1950, kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Vya mwanzo vilikuwa vya miliampia 250, akavishusha mpaka karibu 20. Marekani wao vya nyumbani vinakata kwenye 5 hivi. Kwa hiyo ni kitu cha Afrika hiki, wala tusikiite anasa ya Wazungu.

#17 MamaShani_Katubuka
Asanteni wote, na Binti Buzebazeba nimesoma mara mbili, mwili umenisisimka. Leo asubuhi imenyesha. Nimezima breka zote sita, nikapandisha RCD. IMESHUKA, na breka zote ziko chini. Nikabonyeza kile kitufe cha T baada ya jua kutoka, ikashuka pia, kwa hiyo nzima. Ila kabla ya hapo, mvua bado inanyesha, Baba Shani aliwasha jenereta letu dogo la petroli kupitia changeover (swichi ya kuhama kutoka umeme wa laini kwenda jenereta), RCD HAIKUSHUKA. Sasa yeye anasema shida ni umeme wa laini, nyumba haina kosa.

#18 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Breka zote chini na bado inashuka. Mnasubiri nini tena? RCD hiyo. Na kitufe cha T kinathibitisha kwamba inaweza kushuka, hakikwambii inashukia miliampia ngapi. Hilo linataka kipimo chake.

#19 Fundi_wa_Gungu
Duka, polepole. Breka za kawaida zinakata laivu PEKE YAKE. Nyutro zote bado zimefungwa kwenye baa moja (kipande cha metali cha kuunganishia) baada ya RCD. Nyutro ikigusa ethi sehemu yenye maji, mfano kwenye boksi la taa ya geti, RCD inashuka hata kama breka zote ziko chini. Nyutro ya laini nayo huwa na volti kidogo juu ya ardhi kwa sababu ya mizigo ya majirani. Volti mbili kwenye njia ya omu 50 ni miliampia 40. Tosha.

Dawa: mein suichi chini, fundi atoe nyutro zote kwenye baa, halafu, breka zote zikiwa bado chini, arudishe mein suichi na RCD. Ikikaa, arudishe nyutro moja moja, kila mara akizima mein suichi kwanza. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye ugonjwa.

#20 Mwl_Fizikia_Kasulu
Na kuhusu jenereta, Baba Shani asidanganyike. Jenereta dogo kwa kawaida nyutro yake haijaunganishwa na ardhi. Umeme unaovuja ardhini hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, kwa hiyo hakuna upungufu wa kuhesabu, na RCD inatulia. Waya mbovu bado ni mbovu. Tena kwa mtindo huo RCD haikulindi kama unavyodhani ukiwa kwenye jenereta, mpaka nyutro na ethi yake viunganishwe na mtu anayejua.

#21 Mnyamwezi_wa_Isevya
Watani zangu wa Kigoma, huku Tabora RCD zinashuka hata kabla ya tone la kwanza. Radi tu. Radi ikipiga mbali inasukuma volti kubwa kwenye laini kwa muda mfupi sana na RCD inafyatuka. Ninyi mko jirani na mashariki ya Kongo, moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Kabla ya kung'oa nyutro, fungeni kifaa cha kuzuia mawimbi ya radi kwenye DB.

#22 MamaShani_Katubuka
Kaka wa Isevya, ya leo haikuwa na radi. Ilikuwa manyunyu ya kimya kimya tu.

#23 Mnyamwezi_wa_Isevya
Basi ya leo naiacha. Ila kifaa cha radi bado mkifunge, TV zitawashukuru. Na kiwe na ethi ya kweli, bila hiyo ni pambo.

#24 Chumvi_ya_Uvinza
Kwenye ethi ndipo nilipokuwa nasubiri. Fundi wetu alichimba shimo, akaweka mkaa na chumvi, akamwagia maji, akashindilia. Nyumba haijawahi kusumbua.

#25 Kondakta_wa_Shaba
Chumvi inashusha ukinzani kweli, lakini inakula nondo na mvua inaihamisha. Baada ya misimu kadhaa una kutu na shimo la mkaa. Bora nondo ya shaba, au ya chuma iliyovishwa shaba, ndefu, mita 1.2 au zaidi, na kama ardhi ni ya mawe zipigwe mbili zilizoachana. Kinachoniuma ni kipande cha nondo ya zege, urefu wa kiwiko, kimechomekwa kwenye kifusi cha ujenzi nyuma ya choo, halafu mteja analipishwa ethi kamili.

#26 Chumvi_ya_Uvinza
Unayemsema huyo namfahamu kwa nondo zake 😀 Lakini chumvi ya kwetu usiiguse, dhahabu nyeupe hiyo.

#27 Mgebuka_Fresh
Nimerudi.

Kuna kitu hakijatajwa. Nyumba nyingi hapa zimefanyiwa wayaringi kwa awamu, chumba kimoja kimoja hela ikipatikana. Rangi zimechanganyika. Za zamani: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Za sasa: kahawia laivu, buluu nyutro. Na nyeusi hiyo hiyo, kwa mfumo wa sasa kwenye umeme wa njia tatu, ni laivu! Mafundi wawili waliopishana miaka kumi wanaweza kugusanisha nyutro ya taa za nje na ethi bila kujua. Kiangazi udongo umekauka, ukinzani mkubwa, haionekani. Masika inaonekana. Mama Shani, nje umefungiwa na fundi yule yule wa ndani?

#28 MwishoWaReli
Mgebuka amerudi kweli! Andikeni tarehe.

#29 MamaShani_Katubuka
Hapana. Ndani ni fundi wa kwanza. Taa za ukuta wa nje na pampu ya kisima alifunga mwingine baadaye, waya umepita ardhini kwenye bomba jeupe mpaka kisimani. Maungio ya kisimani yamefungwa tepu nyeusi na mfuko wa nailoni juu.

#30 Fundi_wa_Gungu
Tepu na nailoni kwenye kisima. Sina la kuongeza. Mpaka waje wapime, pampu ichomolewe kabisa na watoto wasikanyage karibu na pale mvua ikinyesha.

#31 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Pampu ni mtuhumiwa, sikatai. Lakini bomba la ardhini likijaa maji halikauki kwa saa mbili za jua. Yeye anasema saa mbili tatu RCD inatulia. Hiyo inafanana na unyevu wa juu juu, kwenye DB yenyewe au kwenye RCD. DB iko wapi, mama?

#32 MamaShani_Katubuka
Barazani, ukuta unaopigwa na mvua ya upepo wa ziwani.

#33 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Sasa!

#34 Fundi_wa_Gungu
Na taa ya geti nayo inakauka kwa saa mbili. Tusibishane kwa maneno, wayaringi ipimwe kwa mega (kipimo cha ukinzani wa ganda la waya), volti 500, kila sakiti peke yake. Chini ya megaomu 1, hapo ndipo pa kufungua. Na ipimwe mvua ikiwa imetoka kunyesha. Ukipima kiangazi kila kitu kitasoma kizuri.

#35 Kondakta_wa_Shaba
Inaweza pia isiwe sehemu moja. Friji, chaja, TV, kila kimoja kinavujisha kidogo kihalali. Vikijumlika miliampia 8 au 9 muda wote, kaunyevu kadogo tu ka nje kanatosha kuvusha mpaka. Siku za mbele mkipata uwezo, gawanyeni: za nje na pampu ziwe na RCD yake, za ndani na friji yake. Pampu ikiharibika, samaki hawaozi.

#36 Baba_Mdogo_Mwandiga
Hapo kwenye gharama tuwe wakweli. RCD moja ni hela, mega ni hela, fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati) ni hela. Sisi wa vijijini tumeunganishiwa kwa shilingi 27,000 na wengine tumeanza na ule ubao wa UMETA. Ubao una soketi na taa, halafu tunavuta waya wenyewe mpaka banda la kuku.

#37 Fundi_wa_Gungu
Baba Mdogo, nakuelewa kabisa. Kama hela ni ya kitu kimoja, nunua RCD moja ya kuanzia, mega unaazima kwa fundi. Huo waya wa banda la kuku ndio wa kuutazama kwanza, usilale juu ya bati wala kupita kwenye msumari.

#38 MamaShani_Katubuka
Nimemsomea Baba Shani uzi wote. RCD haitoki. Samaki tumewapeleka kwa dada yake Bangwe. Pampu nimechomoa. Jumamosi anakuja fundi mwenye leseni na mega, ataanza na nyutro kama alivyosema Fundi wa Gungu, na atafungua DB aone unyevu kama anavyosema wa Duka. Nitaleta majibu.

#39 Duka_la_Vifaa_Mwanga
Lete na picha ya RCD, upande ulioandikwa.

#40 Kasulu_Juu
Samahani naingilia. Mimi nina shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo. Nikigusa bomba la chuma wakati inafanya kazi nahisi kamchomo kwenye vidole, zaidi nikiwa na kidonda. DB ina breka tu, RCD hakuna. Fundi alisema ni kawaida ya hizi shawa.

#41 Mwl_Fizikia_Kasulu
Si kawaida. Zima breka yake sasa hivi, kabla hujajibu hapa. Mtu yeyote nyumbani asioge nayo. Maji chemsha jikoni. Kesho tafuta fundi aangalie waya wa ethi wa shawa umefungwa wapi, maana nimekuta ulioachwa umening'inia nyuma ya kigae, na afunge RCD ya 30mA kabla hajairudisha. Mimi niko karibu na sokoni, kama huna wa kumwamini nitumie ujumbe wa ndani nikuelekeze.

#42 Kasulu_Juu
Nimeizima. Nakutumia ujumbe mwalimu.